Herufi zako za zamani

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Kurasa za zamani ulizonitumia, ukitaka herufi zake ziwe fonti ya kompyuta, nimezitazama kwa muda mrefu, na nakuunga mkono kabisa: herufi hizo zenye majani na ndege zinastahili kuwa fonti, watu waandike nazo tena.

Nakuomba jambo moja tu, chora kwa mkono wako. Ukiiachia programu ifuate kingo za picha, itakumwagia utitiri wa nukta, na kila doa la wino litageuka sehemu ya herufi. Ichunguze ile R. Pale mguu unapokutana na tumbo pana uvimbe mdogo. Huo si wa mchoraji. Ni wino uliobanwa kwenye karatasi ukafurika pembeni. Uondoe. Lakini shina, yaani ule mstari wa wima, lililoinama kidogo liache, maana L na P nazo zimeinama vilevile. Hapo mwenyewe alikusudia.

Mbunifu William Morris alifanya kazi ya namna hii Uingereza, karibu na mwaka 1890. Alizikuza kwa picha herufi ambazo mchapaji Nicolas Jenson alichapia vitabu Venice katika miaka ya 1470, akazichora tena na tena mpaka zikamkaa mkononi, ndipo akabuni zake.

Majani yananitia wasiwasi zaidi. Yakiwa makubwa yanapendeza, lakini kwenye maandishi madogo ile mishipa yake itaungana na kuwa weusi mtupu. Tengeneza matoleo mawili: moja la vichwa vya habari, lenye kila kitu, na jingine lenye mstari wa nje wa jani tu.

Halafu alfabeti yako haina J, U wala W. Ndivyo ilivyokuwa zamani. Hata mchapaji Geoffroy Tory, alipochora herufi zake Paris mwaka 1529, aliishia 23. Sisi bila hizo tatu hatuandiki hata sentensi moja! J itatoka kwenye I, ikiazima mkia wa Q. U ipe mashina ya H na tako la O. W ndiyo ngumu: ukibandika V mbili tu, itakuwa pana kupita zote, kwa hiyo zibane, na mistari uipunguze unene kidogo.

Anza na H na O, unitumie kabla hujagusa nyingine. Nafasi za pembeni mwa hizo mbili zikikaa sawa, zilizobaki utazipima kwazo.

Rafiki yako,
Salma