Hipnozi si usingizi wala uchawi

Mhariri,

Hipnozi, yaani hali ya kuzama katika umakini na kuitikia maneno ya mtaalamu, ipo kweli, ila si kama ile ya maonyesho ya jukwaani. Mtaalamu humwambia mtu akazie macho nukta moja, apumue taratibu, anyooshe mkono mbele. Kisha humwambia tena na tena kwa upole kwamba mkono unazidi kuwa mzito. Kwa baadhi ya watu mkono hushuka, nao huhisi hawakuushusha wao. Hawajalala, wanasikia kila neno. Wengine hawaguswi kabisa, na kuwalazimisha hakusaidii.

Hipnozi huweza kupunguza maumivu na wasiwasi, ikitumiwa sambamba na tiba ya kawaida. Kinachonitia hofu ni kuitumia kufukua kumbukumbu: mtu huweza kutoka na tukio lisilowahi kutokea, akaliapia kwa dhati. Ushahidi wa namna hiyo usipokelewe mahakamani.

Msomaji wenu