Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kukipima Upya Kiwanda

Ndugu wanachama, pamoja na wajane na watoto wa wenzetu mliofika kwa niaba ya wazazi wenu,

Katiba ya chama chetu cha waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda inamtaka Mwenyekiti aeleze kila mwaka yale ambayo kamati imeyafanya na yale yaliyoishinda. Mwaka huu karibu maelezo yangu yote yanahusu kazi moja, nayo ni kupima na kuandika mahali kiwanda chetu cha majembe hapa Mbeya kilipokuwa kimesimama kabla ya kubomolewa na eneo lake kugawanywa viwanja vya nyumba. Habari za fedha atazisoma Mhazini. Hazina mengi ya kuelezwa.

Tulianza na misiba. Wenzetu watatu wametangulia mbele ya haki, wawili wa idara ya matanuru na mmoja wa matengenezo. Huyo wa matengenezo ndiye aliyekuwa amebaki peke yake kati ya waliojua mabomba ya mafuta yalipita wapi chini ya sakafu. Tulikuwa tumepanga kumhoji, nikashauri tusubiri kipupwe kipite kwa kuwa baridi ya Mbeya mwezi wa saba si ya kumtoa mzee nje ya nyumba. Kabla kipupwe hakijapita tulikuwa makaburini. Ushauri ule ulikuwa wangu na sitaki kamati nzima ibebe lawama yake. Ndio ulionifanya niombe tuweke kando mambo mengine yote, likiwemo lile la kujenga mnara wa kumbukumbu, mpaka tuwe tumeandika tunachokijua.

Katika eneo lenyewe vimebaki vitu viwili tu vya kushika: safu ya mikaratusi iliyopandwa kando ya uzio, na miguu ya zege iliyobeba tangi la maji. Labda niongeze na cha tatu, yaani makondakta wa daladala, ambao hadi leo huita "Kiwandani, Kiwandani" ingawa wengi wa abiria wanaoshuka pale hawajawahi kuona dohani hata moja. Kwa kuanzia kwenye mikaratusi na kupima kwa kamba na hatua za miguu, tulipita Jumamosi kadhaa tukitafuta geti, saa ya kugonga kadi, bohari, karakana, matanuru na chumba cha rangi. Tulibishana sana. Wazee wa matanuru walisema tanuru la kwanza lilikuwa penye nyumba ya geti la buluu, na wa bohari wakashikilia kwamba lilikuwa nyumba mbili mbele. Aliyetuamua ni mama mwenye nyumba ya geti la buluu, aliyetuambia kwamba walipochimba shimo la choo walikutana na mawe meusi mazito pamoja na vipande vyembamba vya chuma vilivyoshikana kama maganda ya mti. Alidhani ni madini, akayahifadhi kwenye ndoo. Yalikuwa mavi ya chuma na yale magamba yaliyokuwa yakidondoka kwenye chuma cha moto kila kilipopigwa nyundo. Mzee mmoja aliyetumia sehemu kubwa ya ujana wake akiyafagia aliishika ile ndoo na hakusema neno kwa muda mrefu.

Hapa napaswa kueleza jambo lililotutia aibu. Wakazi walipoona wazee wakipita na kamba mbele ya milango yao, habari zilienea kwamba waliokuwa wafanyakazi wamekuja kudai ardhi, na baadhi yao wakaanza kutafuta karatasi zao za viwanja. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu hatukupiga hodi kwanza. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa pamoja na Katibu, tukaomba radhi na kujieleza, na ninarudia hapa ili iingie kwenye kumbukumbu za mkutano: chama hiki hakidai kiwanja cha mtu yeyote. Walionunua pale walinunua, na watoto wao wamezaliwa pale.

Tangu siku hiyo vijana wa mtaa wamekuwa wakitufuata na maswali, na swali lao kubwa ni zuri kuliko mengi tuliyowahi kujiuliza wenyewe: iweje kiwanda cha majembe kife katika nyanda ambazo kila nyumba ina jembe? Kamati ilijadili jibu kwa vikao viwili. Chuma chetu hakikutoka hapa. Kilishushwa bandarini Dar es Salaam na kupandishwa kwa reli ya TAZARA, iliyoanza kazi rasmi mwaka 1976, huku chuma cha Liganga kule Ludewa kikiendelea kulala ardhini kama kinavyolala sasa. Kwa hiyo kila fedha za kigeni zilipopungua nchini, kama ilivyokuwa baada ya bei ya mafuta kupanda na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mitambo ilisimama kwa kukosa chuma au kwa kukosa kipuri kidogo kinachoenea kiganjani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilifunguliwa, majembe ya nje yakajaa madukani, na shilingi iliposhuka thamani gharama ya chuma chetu ikapanda. Ilipotungwa sheria ya 1992 ya kurekebisha mashirika ya umma, viwanda vingi vya aina yetu vilikuwa vinapumua kwa shida.

Hayo yote ni kweli, lakini wanachama wawili walisisitiza, nami nakubaliana nao, kwamba tusiandike kana kwamba lawama zote zilitoka nje ya geti. Jembe hupata uhai wake mwishoni. Chuma huchomwa mpaka kikawa chekundu, hutobolewa tundu la mpini, hukandwa na kupanuliwa, halafu huchomwa tena na kutumbukizwa kwenye mafuta ili kikaze. Baada ya hapo hupashwa moto kwa kiasi ili ugumu wake upungue kidogo kisije kikakatika kwenye jiwe. Ukilitundika na kuligonga, jembe zima hulia kama kengele, na lenye ufa hutoa sauti ya debe. Sisi wa idara ya kukazia tuliyajua hayo usingizini. Hata hivyo, mafuta yalipoadimika tulitumia machafu, na wakati mwingine maji matupu, na majembe yaliyolia kama debe yalipitishwa kwa sababu hesabu ya mwezi ilitakiwa itimie. Wakulima hawakuhitaji kuambiwa. Walikwenda kwa wahunzi wa mitaani waliofua majembe kwa springi za malori chakavu, na baadhi ya wahunzi hao, nadhani mnakumbuka, walikuwa wenzetu waliopunguzwa kazini. Kwenye bendera ya CCM, chama cha siasa kilichozaliwa 1977, jembe na nyundo vimepishana vizuri. Kwetu nyundo ndiyo iliyolitengeneza jembe, na siku nyundo ilipolegea jembe lilijua kwanza.

Sasa nifike kwenye orodha ya majina ya kuwekwa kwenye mnara, ambayo nayo iliuchelewesha na iliyoleta maneno makali katika kikao kilichopita. Orodha iliyoandaliwa na kamati iliyotangulia ilinakiliwa kutoka kwenye daftari la mishahara alilolihifadhi mmoja wetu, na kwa hiyo ilikuwa na mameneja, mafomeni, mafundi na wafanyakazi wa kudumu. Tulipokuwa tukipima kwa kamba tulifika mahali palipokuwa chumba cha rangi na kufungasha, na wote tuliokuwapo tukaanza kutaja majina ya akina mama waliofanya kazi pale. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kwenye orodha. Wengi waliajiriwa kama vibarua kwa miezi ile ya kuelekea mvua za Novemba, wakati maagizo yalipokuwa makubwa, kisha wakaachishwa na kurudishwa mwaka uliofuata, miaka nenda rudi, bila kuingizwa daftarini. Mikono yao ilipita kwenye kila jembe lililotoka getini. Wapo pia vijana waliopakua mabehewa ya chuma na kulipwa kwa siku.

Baadhi ya wanachama wanahoji kwamba tukiwaingiza wasio na kadi tutafungua mlango kwa yeyote kudai kwamba alikuwa mwenzetu. Hoja hiyo ina uzito hasa katika suala la mafao, ambalo bado halijamalizika kwa wale ambao makato yao yalikatwa kwenye mshahara lakini hayakuonekana kwenye kadi zao. Katibu anaendelea kukusanya nakala zao, na kwa hilo karatasi ni lazima. Lakini jina kwenye kumbukumbu halimlipi mtu senti. Kamati imekubaliana kwamba jina litaingia likithibitishwa na watu wawili waliofanya kazi idara moja na mhusika, na naomba mkutano huu uupitishe utaratibu huo leo. Usipopita, mimi sitasaini ombi la mnara, kwani sioni tutawezaje kusimama mbele ya jiwe lililowasahau waliofungasha.

Uandikaji wa majina ya chumba cha rangi utaanza Jumamosi inayofuata mkutano huu, saa tatu asubuhi, chini ya mikaratusi. Mama wa geti la buluu ameahidi kutuwekea mabenchi na chai. Mwenye kamba ndefu aje nayo, maana ile ya mwaka huu imekatika.