Wanangu wabunge, acheni kuuliza "Serikali ina mpango gani"

Wanangu waheshimiwa wabunge, habari za huko Dodoma. Naandika nikiwa nimekasirika, mtanivumilia, ni hasira ya mzazi.

Majuzi nilikaa mbele ya TV kipindi cha maswali na majibu. Mwenzenu mmoja, simtaji maana anachofanya mnafanya wengi, akaulizia kituo cha afya cha jimboni kwake: jengo la upasuaji limeisha zamani, limefungwa, mama akipata uchungu pingamizi, mtoto amekwama, anapakiwa kwenye bodaboda kwenda hospitali ya wilaya. Swali zito kabisa hilo. Naibu Waziri akasimama akasoma kwamba Serikali inatambua umuhimu wa kituo hicho na itaendelea kutenga fedha za vifaa tiba kadri ya upatikanaji wa fedha. Nikasema moyoni sasa kijana atambana kwenye maswali ya nyongeza. Akasimama, akashukuru kwa majibu mazuri. Majibu mazuri yapi jamani? Nyongeza ya kwanza akaulizia gari la wagonjwa la kituo kingine kabisa, ya pili akauliza je Waziri yuko tayari kuongozana naye baada ya Bunge akajionee mwenyewe. Waziri akasema yuko tayari, meza zikapigwa, likaitwa swali linalofuata. Yule mama wa kwenye bodaboda akawa ameishia hapo.

Sasa niwaambie kwa nini imeniuma. Mimi nilikuwa katibu wa afya wa wilaya mpaka nilipostaafu, na maswali yenu najua yanapopita kwa sababu yalikuwa yanaishia mezani kwangu. Swali likitoka Ofisi ya Bunge linaenda wizarani, kama ni zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya ni TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri, TAMISEMI wanaandika mkoani, mkoa unaandika halmashauri, Mkurugenzi anamwita Mganga Mkuu wa Wilaya, na yeye ananiita mimi, "tuandalie majibu, yanatakiwa leo leo". Mnaelewa maana yake? Anayekuandikia jibu ni yule yule unayemlalamikia. Waziri anasoma tu karatasi iliyopanda kutoka chini, ikapigwa pasi kila ofisi iliyopitia.

Swali la "je, Serikali ina mpango gani" nilikuwa nalimaliza chai haijapoa. Unaandika "inatambua", unaandika "imeingizwa kwenye mpango na bajeti", unamalizia na "kadri ya upatikanaji wa fedha". Hakuna uongo hapo, ila na msaada haumo. Kuna mwaka niliandika jibu la hivyo kuhusu boma la zahanati, wananchi walichanga tofali na mchanga wakalipandisha hadi lenta, wakasubiri Serikali ipaue. Mimi nilijua milioni 50 za kumalizia zilishaingia na sehemu yake ikabadilishiwa matumizi. Nilijua. Lakini swali liliuliza mpango, nami nikajibu mpango. Mbunge akashukuru. Boma likakaa miaka mingine mitatu, na kila nikipita pale kwenda usimamizi nawaona akina mama wa kliniki wamekaa chini ya mwembe na watoto mgongoni, mvua ikija wanakimbilia kwenye nyumba ya mwalimu. Hilo jambo sijalisamehe nafsini mwangu hadi leo, na ndilo limenikalisha hapa kuandika.

Halafu kulikuwa na mama mmoja wa viti maalum. Yeye swali lake lilikuwa hivi: kituo fulani cha afya cha wilayani kwetu kilipokea shilingi ngapi, kuanzia tarehe ipi hadi tarehe ipi, zimetumika ngapi, na jengo la upasuaji limehudumia wagonjwa wangapi tangu lilipokabidhiwa. Basi. Wanangu, ofisi ilihama! Siku hiyo mhasibu hakula, mafaili yakatafutwa, Mganga Mkuu akaenda mwenyewe kituoni na kugundua (yaani kukubali, maana kujua alijua) kwamba jibu ni sifuri, hajawahi kupasuliwa mtu pale, kwa sababu mashine ya usingizi ipo kwenye boksi na mtaalamu wa usingizi hayupo. Sifuri huwezi kuipamba. Ukiandika sifuri wizara itakuuliza kwa nini kabla Bunge halijakuuliza. Ndani ya mwezi mmoja akahamishiwa mtaalamu kutoka hospitali ya wilaya na kituo kikaanza kupasua. Swali halikuwa hata limefika ukumbini.

Hapo ndipo nataka mkae. Kuna maneno manne yanafanana lakini si ndugu: fedha iliyotengwa, iliyotolewa, iliyopokelewa, iliyotumika. Waziri atakwambia iliyotengwa, ndiyo kubwa na ndiyo ipo kwenye kitabu cha bajeti. Wewe ulizia iliyopokelewa na tarehe. Fedha ikishushwa mwezi wa sita mwishoni wakati mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, hiyo kwenye ripoti imefika, kwenye zahanati haijafika. Tena tangu mwaka wa fedha 2017/2018 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, na kamati yake wanajua kilichoingia. Kabla hujaandika swali nenda pale ukae nao. Na wewe mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yako, taarifa za robo mwaka unagawiwa, sasa inakuwaje unasafiri hadi Dodoma kwenda kumuuliza Waziri kitu kilichokuwa kwenye kablasha uliloacha kwenye gari? Bungeni peleka kile ambacho halmashauri imeshindwa, ukiwa na namba zako mkononi, ili jibu likija la kuzunguka utumie nyongeza zote mbili kwenye jambo hilo hilo. Nyongeza ni mbili tu. Shukrani zitoe nje kwenye korido.

Na mmezidi kuulizia majengo. Naelewa, jengo linaonekana, linapigwa picha, linakatiwa utepe. Mwaka wa fedha 2018/2019 zilitengwa bilioni 100.5 kuanza hospitali 67 za wilaya, bilioni 1.5 kila moja, kazi kubwa na mimi nilifurahi sana, lakini ukuta hautibu mtu. Ulizeni ikama, yaani idadi ya watumishi. Kituo hiki kinatakiwa watumishi wangapi, wapo wangapi, wangapi wapo masomoni, wangapi wamehama bila mbadala. Kuna zahanati zina muuguzi mmoja, akienda kufuata mshahara mjini mlango unafungwa, na huyo mmoja ndiye anazalisha, anachanja, anaandika vitabu vya takwimu za afya (MTUHA) na kufagia.

Dawa nazo mnapigwa na asilimia. Mkijibiwa upatikanaji wa dawa nchini ni asilimia fulani mnatulia, wakati hiyo ni hesabu ya jumla, haikwambii kijiji gani kimekosa nini. Uliza kwa jina: sindano ya oksitosini, ile ya kuzuia mama asitokwe damu akishajifungua, ilikosekana siku ngapi kwenye zahanati za wilaya yangu miezi sita iliyopita, MSD, bohari ya dawa ya Serikali, iliombwa kiasi gani ikaleta kiasi gani, na iliposhindwa kuleta, ilinunuliwa kwa mshitiri, yule muuzaji binafsi mwenye mkataba na mkoa, au haikununuliwa. Sera inasema mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano na mzee asiye na uwezo wanatibiwa bure. Bure ya nini kama anaandikiwa karatasi akanunue duka la dawa?

Msinielewe vibaya, nchi imepiga hatua. Utafiti wa afya ya jamii wa 2015/2016 ulitoa vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukatoa 104. Wauguzi wenzangu wametoa jasho hapo na niliposoma ile namba nilitokwa na machozi. Lakini hao 104 ni akina mama wenye majina, na wamo wale wa bodaboda ya usiku, na hawana mtu mwingine wa kuwaulizia ila nyie. Katiba imewapa ibara ya 63, kifungu cha tatu, mnaruhusiwa kumuuliza Waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma yaliyo kwenye wajibu wake. Swali lolote! Ndiyo maana naumia mkilitumia kuomba Waziri akawasindikize jimboni.

Mengine nayataja tu. Maji, muulizieni RUWASA, wakala wa maji vijijini, vituo vinavyotoa maji leo, sio vilivyojengwa. Barabara jueni kwanza ni ya TARURA (za wilaya) au ya TANROADS (barabara kuu na za mkoa) kabla ya kusimama. Shule, walimu wa sayansi na matundu ya vyoo. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, someni kurasa za halmashauri zenu, msisubiri kamati za Bunge za hesabu, PAC na LAAC, ziwasomee. Sheria ya bima ya afya kwa wote mliipitisha 2023, kwa hiyo kila mkutano ulizeni nani ameshaingia na nani bado. Alhamisi kwa Waziri Mkuu pelekeni sera, kisima cha kijiji kina siku yake.

Na sisi wananchi tuna lawama yetu, nisiwabebeshe nyie peke yenu. Tunawapima kwa klipu. Mbunge akipayuka sekunde thelathini tunasambaza kwenye WhatsApp tunasema "huyu ndiye", yule aliyeuliza swali kavu la tarehe na namba tunamwona amepooza. Akija jimboni hatumuulizi jibu la Serikali lilikuwa nini, tunamuuliza jezi, tunamuuliza mchango wa msiba, tunamuuliza mbona hapokei simu. Yule mama wa viti maalum niliyemsema hakurudi bungeni, na sijui kama kuna mtu kwenye kile kituo anajua ni nani aliyewafungulia mlango wa upasuaji.

Kwa hiyo nina ombi moja wanangu, halina gharama. Mkipata jibu, liwe zuri au baya, litoeni kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, kama lilivyo, neno kwa neno na tarehe yake, mlichapishe mkalibandike kwenye ubao wa matangazo wa zahanati au kituo mlichokiulizia. Waziri akisema "kabla ya mwezi wa tatu" basi wale wanaokaa kwenye benchi kusubiri dawa wasome "kabla ya mwezi wa tatu", na mganga mfawidhi asome, na diwani akija asome. Karatasi ikichakaa bandikeni nyingine.

Mzee wenu,
katibu wa afya wa wilaya, mstaafu