Barua ya wazi kwa wasanii wa Bagamoyo mliopendana ukubwani

Wanangu, na wadogo zangu mliokwisha kuvuka miaka arobaini na tano,

Nawaandikia nikiwa na hasira, wala sitaificha. Posa imevunjika hapa mjini baina ya mtunzi wa mashairi, mjane mwenye wajukuu, na mwamba ngoma aliyekuja Bagamoyo kusoma wakati Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981, kilikuwa bado kichanga, naye akalowea. Watu wanasema umri ndio uliowaponza. Si kweli, kila mmoja alitaka kumfundisha mwenzake kazi yake.

Bibi yule hutunga baada ya isha, akihesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole, nane za ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, na nane za utao, kipande cha pili. Bwana alilichukua daftari bila ruhusa, akawasomea wageni barazani, na katika mshororo mmoja akaliondoa neno la mwisho la ukwapi kwa madai kwamba lilikwamisha mdundo. Mizani kumi na sita zikawa kumi na nne, kina cha kati kikapotea, na wageni wakapiga makofi! Bibi naye aliikuta ngozi ya mbuzi imewambwa juani uani, akaona inaleta nzi, akaikunja ikiwa mbichi na kuisukumiza stoo, ambako ilioza hata manyoya yakawa yananyonyoka. Jamani, nani aliwatuma? Mtu aliyeishi na kazi yake miaka thelathini hahitaji mchumba wa kumsahihisha. Anahitaji aulizwe kwanza, na akikataa, aachwe.

Na walipendana, hilo nalisema kwa uchungu. Ramadhani bwana hakukosa kumpelekea kaimati, na bibi, asiyependa kelele hata kidogo, alikaa ukumbini siku ya tamasha mpaka ngoma ya mwisho.

Mengine nayataja tu. Elezaneni habari za afya na madeni kabla ya posa. Msimlinganishe mtu na marehemu. Watoto wasikie kwenu kabla ya kusikia sokoni.

Nanyi watoto, msijione mmepona. Mlishangilia posa ilipovunjika, mkasema mama anawatia aibu, ilhali baba angetaka kuoa tena mngekuwa wa kwanza kumtafutia mke, kwa hoja kwamba mwanamume hawezi kukaa peke yake. Hofu yenu ni nyumba, nasi wazee tunaijua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba ndoa yenyewe haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke, isipokuwa wakikubaliana vinginevyo. Ikiwa mnachohofia ni mirathi, kaeni na mama yenu mbele ya sheikh na mwanasheria, muulize waziwazi na muandikiane, kisha mmwache ajibu posa yake mwenyewe.

Mzee wenu,
Bagamoyo