Gitaa la bei nafuu limepungukiwa fundi, si mbao

Mhariri,

Kamati za kwaya na viongozi wa bendi changa wakikaa kupanga ununuzi wa gitaa la umeme, hugawanyika pande mbili. Upande mmoja unashikilia kwamba "la Mchina" ni takataka, heri kuchangishana miaka mitatu mpaka ipatikane "orijino". Upande wa pili unajibu kwamba gitaa ni gitaa, kinacholipiwa ni jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa. Naomba nafasi nieleze kwa nini pande zote mbili zinatupa fedha.

Tuchukue gitaa linalojulikana kuliko yote, Stratocaster. La Fender, kampuni ya Kimarekani, linalotengenezwa Corona, California, ni dola 1,700 hivi kwenye maduka ya Marekani kwenyewe, bado hujalipia usafiri, ushuru na VAT. Squier, jina linalomilikiwa na Fender hiyo hiyo, hutengenezwa Indonesia au China, na modeli zake za kuanzia huuzwa huko kwa dola 200 hadi 300. Miili na shingo za yote mawili hukatwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, na mashine haikosei zaidi kwa sababu imefungwa Asia. Urefu wa uzi unaopiga ni ule ule, milimita 648. Mifereji ya freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, hukatwa mahali pale pale. Mwili wa bei nafuu mara nyingi ni mbao za popla, wa bei kubwa ni za alda, lakini pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, husoma mtikisiko wa uzi wa chuma ndani ya uga wa sumaku, na mchango wa mbao ni mdogo sana ukiulinganisha na pikapu, nyuzi na amplifaya. Wanaobishana saa nzima kuhusu mbao wangepima kwanza pikapu zao ziko umbali gani na nyuzi.

Dharau hii si ngeni. Squier za kwanza zilitoka Japani mwaka 1982, wakati kazi ya Kijapani ilikuwa bado ikiitwa ya kuiga. Leo magitaa hayo hayo yanasakwa na wakusanyaji.

Sasa bei imekatwa wapi? Imekatwa kwenye saa za mikono. Anzia kwenye kidaraja cha kichwani, kile kipande cha plastiki au mfupa chenye mifereji sita. Kiwanda cha bei nafuu huiacha mifereji hiyo juu makusudi, kwa kuwa mfereji wa juu haufanyi uzi ukwaruze dukani, na kuushusha kwa usahihi kunahitaji mtu, tupa na muda. Matokeo yake, ukibonyeza freti ya kwanza unauvuta uzi kupita kiasi na noti inapanda. Kifaa cha kutyuni kinaonyesha nyuzi zote ziko sawa, lakini kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya F inatoka chungu na inauma vidole. Mwanafunzi analaumiwa kwamba hana nguvu, kumbe kosa ni la plastiki.

Kukagua ni rahisi. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya kwanza. Inatakiwa iwe nyembamba kama karatasi. Ukiona nusu milimita, mfereji uchongwe kwa tupa yenye upana wa uzi wenyewe, ikiinamia upande wa kichwa ili uzi ukae kwenye ukingo wa mbele. Chonga kidogo, rudisha uzi, pima, rudia. Ukizidisha, uzi mtupu, yaani usiobonyezwa, utavuma juu ya freti ya kwanza, na hapo kuna njia mbili tu: kujaza kwa unga wa mfupa na supagluu, au kuchonga kidaraja kipya. Mfupa wa paja la ng'ombe, ukichemshwa ukatoka mafuta na kukauka sawasawa, unashinda plastiki tupu ya kiwandani. Wapigaji wa mtindo wa Kikongo wanaoondoa uzi wa nne na kuweka mwembamba wa oktava ya juu wawe na kidaraja chao cha pili, maana uzi mwembamba kwenye mfereji mpana hucheza na kutoa mlio wa nyuki.

Freti ndizo zinazofuata, na kwa muziki wetu huku jambo hili lina uzito kuliko kwa mpiga kodi za kawaida. Solo la sebene linaishi freti ya 12 kwenda juu. Freti moja iliyonyanyuka pale ya 14 au 17 haitamsumbua anayepiga rithimu karibu na kichwa, lakini itaua noti za mpiga solo. Chukua kipande cha rula cha chuma chenye urefu wa kulalia freti tatu, kitembeze shingo nzima. Kikiyumba, freti ya kati iko juu. Kwanza igonge taratibu kwa nyundo ya plastiki, huenda haikukaa vizuri kwenye mfereji wake. Ikigoma, ni kusawazisha: nyosha shingo, funika mbao kwa utepe wa karatasi, paka migongo ya freti zote kalamu ya maka, pitisha ubao ulionyooka wenye msasa namba 320 mpaka wino uguswe kote, rudisha umbo la duara kwa tupa ya freti, kisha ng'arisha kwa 600, 1,000 na 2,000. Anayeruka hatua ya kurudisha duara anaacha freti bapa, na freti bapa hupandisha noti hata kama umetyuni vipi. Kazi hii kwenye gitaa la California imefanywa kiwandani. Kwenye la dola 200 imefanywa nusu, au haikufanywa.

Ncha za freti kukata mkono ni jambo jingine. Mbao zilizozoea unyevu wa pwani zikipelekwa Dodoma kiangazi hunywea, chuma hakinywei, basi ncha zinatokeza. Hali hiyo huyapata hata magitaa ya bei kubwa. Tupa ndogo na dakika arobaini zinatosha.

Baada ya hapo ndipo gitaa lipimwe. Weka nyuzi mpya kwanza. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya kwanza na ile ambapo shingo inakutana na mwili, halafu tazama freti ya nane: nafasi iwe robo milimita. Kipande cha uzi wa kwanza wa namba 10 kina unene huo huo, kitumie kama kipimo. Nafasi ikizidi, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa elenki (ufunguo wa pembe sita) kuelekea mshale wa saa, robo mzunguko kwa mara moja, tyuni, pima tena. Ikihitaji nguvu za mkono mzima, acha, chuma hicho hukatika. Kisha shusha nyuzi mpaka milimita 1.6 juu ya freti ya 17. Mwisho, linganisha mlio wa hamoniki ya freti ya 12 (uzi ukiguswa tu juu ya freti bila kubonyezwa) na noti iliyobonyezwa hapo hapo: iliyobonyezwa ikiwa juu, sogeza kikalio cha uzi huo kwenye daraja, kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi, kirudi nyuma, mbali na shingo.

Kwenye umeme tofauti ipo, ingawa watu huikuza. Pikapu nyingi za bei nafuu zina sumaku ya seramiki iliyobandikwa chini na vijiti vya chuma vya kawaida. Sauti yake ni kali na nzito kidogo. Zile za bei kubwa zina vijiti ambavyo vyenyewe ni sumaku za alniko (mchanganyiko wa metali), na hizo huvuta uzi: zikipandishwa mno, noti za juu za uzi wa sita hutoka mbilimbili kana kwamba gitaa halikutyuniwa. Kwa hiyo orijino lililopandishwa pikapu ovyo linaweza kusikika baya kuliko Squier lililopimwa. Kati ya pikapu na uzi, anzia milimita 2 upande wa uzi wa sita na 1.6 upande wa kwanza, huku freti ya mwisho imebonyezwa. Kinachokufa mapema kwenye gitaa rahisi ni vile vidhibiti vidogo vya voliumu vinavyokwaruza, swichi na soketi ya jeki. Kabla ya kuagiza mbadala, pima. Daraja nyingi za Asia zina milimita 52.5 kati ya skrubu za pembeni, za Fender ya mtindo wa zamani ni 56, hazikubaliani. Kidhibiti kikubwa cha voliumu cha Kimarekani nacho kitataka tundu lipanuliwe.

Sisemi kwamba dola 1,700 ni za bure. Mtu anayepiga ukumbini usiku mara tano kwa wiki ananunua funguo za kutyuni zisizolegea, soketi isiyokatika katikati ya wimbo na gitaa linalouzika tena. Pwani, chumvi hula skrubu za vikalio vya bei nafuu mpaka zinagoma kuzunguka, ingawa tone la mafuta ya cherehani kila unapobadili nyuzi linaahirisha msiba huo. Mtu wa namna hiyo akiwa na fedha, anunue. Kwaya inayopiga Jumapili na siku za mazoezi haina sababu.

Hatari kubwa iko katikati: gitaa lenye jina kubwa kwa theluthi ya bei. Mengi ni bandia, na bandia ni baya kuliko Squier au Yamaha Pacifica ya halali, kwa sababu fedha zimeishia kwenye nembo. Kwenye Les Paul, modeli nyingine maarufu, inayodaiwa kuwa ya kampuni ya Gibson, tazama kile kifuniko kidogo kichwani: halisi hushikwa na skrubu mbili, bandia nyingi zina tatu.

Kwa kamati yenye dola 500, ningeweka 250 kwenye gitaa, 50 kwa fundi wa kidaraja na freti, na zote zilizobaki kwenye amplifaya, ambayo ndiyo inayosikika na watu. Hapo hapo ikaguliwe pia ati ya jengo, yaani waya wa usalama unaoingia ardhini. Kumbi na makanisa mengi yana soketi za pini tatu ambazo pini ya ati haijaungwa popote, na mpigaji anayeimba akishika nyuzi huku midomo ikigusa maikrofoni hupigwa shoti, liwe gitaa la dola 200 au 2,000. Weka malitimita kwenye volti za AC, mguso mmoja kwenye nyuzi na mwingine kwenye wavu wa maikrofoni, vyombo vyote vikiwa vimewashwa. Ikisoma makumi ya volti, zima kila kitu na umwite fundi umeme kabla mtu yeyote hajasimama kuimba.

Fundi wa ala za muziki,
Dar es Salaam