Mbegu ya mtama itufikie kabla ya mvua

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 20 bila kuandika neno, lakini taarifa yenu ya juma lililopita, kwamba wakulima wa Dodoma tunang'ang'ania mahindi na kuudharau mtama, imenishinda kuinyamazia.

Mtama na uwele ndivyo vilivyotulea. Aina ya mtama iitwayo Macia, iliyoidhinishwa nchini mwaka 1999, tunaifahamu: hukomaa chini ya miezi minne, na hapa kwetu, ambapo mvua huanza Desemba na mara nyingi hukatika Februari, kuchelewa kupanda kwa majuma matatu hutosha kumnyima mtu mavuno. Wahi na Hakika, za mwaka 2002, huvumilia hata kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Kinachotushinda ni kuzipata.

Mwaka juzi, mwishoni mwa Novemba, nilipanda basi kutoka kijijini kwetu, wilayani Chamwino, hadi mjini, nikazunguka maduka matano ya pembejeo. Manne yalikuwa na mahindi tu. La tano liliniuzia mfuko ulioandikwa Macia, usio na lebo ya ukaguzi, na muuzaji akaniapia kuwa mbegu ni mpya. Nilipanda ekari moja na nusu kwa mvua ya kwanza, na baada ya siku 10 nilikuwa nikihesabu miche kama mfugaji anayehesabu mbuzi waliosazwa na fisi. Niliporudi kulalamika niliambiwa nimefukia kina kirefu mno, mimi niliyeanza kupanda mtama nikiwa na umri wa miaka saba! Nikarudia kupanda Januari kwa mbegu ya kienyeji niliyoazima kwa jirani, Februari mvua ikakatika, nikavuna debe tatu. Leo nasoma gazetini kwamba sitaki kubadilika.

Hata anayebahatika kupata mbegu njema huvamiwa na kweleakwelea, kwa kuwa mtama wake huiva peke yake wakati mashamba ya jirani bado mabichi, na watoto huacha shule kwenda kuamia ndege. Kijiji kizima kikipanda mbegu moja kwa wakati mmoja, hasara hiyo hugawanyika.

Kwa hiyo naomba mbegu ifike ofisi ya kila kata kabla ya tarehe 15 Novemba, katika mifuko ya kilo 2, na tarehe ya kupimwa uotaji iandikwe kwa tarakimu kubwa. Mfuko mmoja ufunguliwe mbele ya wanakijiji, mbegu 100 zioteshwe katika kitambaa kibichi, na zikiota pungufu ya 80, mzigo wote urudi ulikotoka siku hiyohiyo.

Mkulima,
Chamwino, Dodoma