Mama, samadari ya Bibi msiichome

Toronto, 11 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi mzima, watoto wazima, baba yao yuko kazini. Hela ya dawa ya presha nimeituma jana kwa simu ya Juma. Akikwambia haijafika, mwambie akuonyeshe ujumbe.

Sasa nije kwenye lililoninyima usingizi. Sauti ya wifi Rukia nimeisikia kwenye kundi, nimeirudia mara tatu. Eti kunguni wameletwa na masanduku ya Ulaya! Kwanza huku si Ulaya. Pili, mimi sikuja na masanduku, nilikuja na sanduku moja, na nusu yake ilikuwa mikoba yake na viatu vya mwanawe. Hivyo mbona alivipokea? Tangu nirudi Januari hajaniuliza hata hali, leo kanikumbuka kwa kunguni.

Nyumba yangu mnaijua, picha mmeziona. Ghorofa ya 14, zulia kila chumba, na ile sofa ya kijivu aliyoisifu Mama Mkubwa kuwa kama ya hotelini. Kazini tangu Machi mimi ndiye msimamizi wa zamu, watu 11 wananisikiliza, na mmoja wao Mkanada mzee kabisa. Leo niambiwe nafuga kunguni?

Juma naye ananiomba laki nne za godoro, anasema mmekata shauri godoro la zamani lichomwe pamoja na samadari ya Bibi. Laki nne sitoi. Godoro jipya kwenye chumba chenye kunguni ni kuwabadilishia matandiko tu. Na samadari ile Bibi aliolewa nayo. Desemba nilipolala juu yake nikasikia mchagoni kama harufu ya asmini zake bado ipo, nikalia kimya usije ukasikia.

Hebu kwanza mhakikishe ni kunguni kweli. Alama za mwilini hazitoshi, wengine wanaumwa usiku kucha na ngozi isionyeshe kitu. Juma ainue godoro, awashe tochi ya simu, afuate mshono kwa kidole, hasa upande wa mchago. Atafute vitone vyeusi kama vya kalamu iliyovuja. Akivipangusa kwa kitambaa kibichi vitaacha rangi ya kutu, maana ni damu yenu hiyo, wameshaimeng'enya. Ataona na maganda mepesi, rangi ya chai ya rangi: kunguni mpaka akue anajivua mara tano, na kila mara lazima anywe kwanza. Mayai ni meupe, kama punje ya chumvi, yamegandishwa kwenye nyufa. Mkubwa ni kama dengu, bapa, akishiba anavimba.

Samadari ifunguliwe vipande uani. Wamo kwenye tundu za matendegu, kwenye nakshi, kwenye chaga. Maji yachemke kwelikweli, yamwagwe polepole kila kiungo. Mafuta ya taa msiguse, mnakumbuka yaliyompata mama Saumu. Shuka, foronya, chandarua na mapazia vyote vichemshwe. Joto la nyuzi 50 likiingia mpaka ndani linawamaliza wao na mayai yao. Ndiyo maana kuanika godoro kwenye vijua hivi vya masika ni kujichosha, upande wa juu ukipata moto wao wanashuka wa chini. Heri lipigwe brashi mishono yote, kisha lifungwe ndani ya plastiki lisiachwe hata upenyo, na lisifunguliwe mwaka mzima, kwa sababu njaa ya miezi wanaivumilia.

Kila tendegu lisimame ndani ya kopo la plastiki laini, kitanda kisiguse ukuta, shuka zisiburure. Hawaruki, hawana mabawa, na plastiki laini haipandiki. Dawa za kupuliza za dukani nyingi wameshazizoea. Mtawatawanya tu, leo kwa Rukia kesho kwako. Wala msihamie sebuleni, watawafuata. Baada ya siku kumi mrudie yote, kuna mayai yatakuwa yameanguliwa. Na Bi Mwanaisha aache kutisha watoto, kunguni haleti malaria wala ukimwi.

Najua unajiuliza haya nimeyajulia wapi. Hapa soma peke yako, Mama.

Ile sofa sikuinunua. Huku watu wakihama huacha vitu kando ya barabara. Mwaka jana tuliibeba usiku mimi na baba watoto, mitaa mitatu, tunacheka kama wezi. Wiki ya tatu mdogo akaamka na vidoti mkononi, vimepangana mstari. Mwenye jengo alileta wapulizaji, ndiyo sheria ya huku, wakaja mara tatu. Kufua kulikuwa juu yangu: kila nguo ya nyumba kwenye mashine ya kukaushia, nusu saa moto wa juu, sarafu juu ya sarafu. Miezi miwili nililala na taa inawaka. Hayo yamekwisha, Oktoba walikagua wakasema hamna kitu.

Ila sanduku muda wote huo lilikuwa uvunguni, na sikukumbuka kuwaonyesha.

Liko juu ya kabati la Rukia, nilimwachia. Siku akienda sokoni, Juma alitoe uani, alifungue juu ya shuka jeupe, aangalie mkunjo wa zipu na tundu za magurudumu. Akikuta kitu alifunge kwenye mfuko, anipigie mimi, kwenye kundi asiseme.

Nimetuma elfu themanini za mkaa, makopo na plastiki ya godoro. Chenji mpe Rukia, mwambie wifi yako kakukumbuka, akasuke nywele. Akiuliza kwa nini, mwambie hujui.

Mwanao,
Mwanahamisi